Ufunguo wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Mvua nayo imefika; tangu basi liingie mjini haijakatika. Daftari hili nimepewa na dada. Alinisindikiza hadi kituoni, akalichomeka kwenye mkoba wangu na kusema, "Uandike. Wewe kwa mdomo mambo huyasemi."

Nimeuleta msahafu wa ukoo. Babu wa babu yangu aliunakili kwa mkono wake, na kwenye ukurasa wa kwanza akaandika kwamba ni wakfu: hauuzwi, haurithiwi, wala hautoki mikononi mwa ukoo. Makumbusho waliuomba kwa ajili ya maonyesho yao ya aya za Kurani katika miswada na katika vyombo vya kila siku. Wazee wetu walikataa mara mbili. Mara ya tatu makumbusho wakaahidi kulitengeneza jalada, ambalo wadudu wamelila mpaka limekuwa chujio, na baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, akakubali kwa sharti: kabati la kioo liwe na kufuli mbili. Ufunguo mmoja wao, wa pili wetu. Bila zote mbili halifunguki. Na wa pili aushike mtu wa ukoo, akae hapahapa hadi maonyesho yafungwe tarehe kumi na nane Mei.

Mtu huyo ni mimi. Ndimi mtunzaji wake tangu baba afariki. Ni mwalimu wa chuo cha Kurani, sina mke, sina mtoto. "Wewe umeoa msahafu," dada husema. Ana haki ya kusema, maana mama alipokufa yeye ndiye aliyenilea, kwa cherehani yake na kwa kelele zake.

Chumba changu kiko nyuma ya ghala. Dirisha linatazama ukuta. Nikinyoosha mkono naugusa. Saa kumi na mbili jioni lango la chuma hufungwa na kengele ya wezi huwashwa, na hakuna kutoka mpaka asubuhi.

"Si jela," mlinzi aliniambia akinionyesha kitanda. "Ila usijaribu."

Jumanne, 4 Machi

Maonyesho yamefunguliwa. Ukumbi ni mrefu na hauna hata dirisha moja, kwa kuwa jua ni adui wa wino. Msahafu uko katikati. Kandokando kuna vyombo: bakuli la shaba lililochongwa aya ndani, limenywewa mpaka herufi za upande mmoja zimelainika, shati lililoandikwa kwa wino kuanzia kola hadi pindo, la mtu aliyekuwa akienda vitani, boriti ya mlango, pete nyembamba, na ubao wa chuo, nusu yake ina somo, nusu imeoshwa. Hapo kwenye ubao nilisimama sana. Ni nani alimwita yule mwanafunzi akaacha kuosha?

Watu walilitazama bakuli zaidi kuliko msahafu. "Letu lilikuwa kubwa kuliko hili," mama mmoja alimwambia mwenzake. "Limepotea tu katika kuhamahama."

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimekaa kitini karibu na kabati kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja. Ufunguo nimeuvaa shingoni.

Jumatatu, 17 Machi

Jumatatu makumbusho hufungwa, na kila Jumatatu ya pili msahafu hufunuliwa ukurasa mwingine ili mwanga usiuchoshe ule mmoja. Leo ilikuwa mara ya kwanza.

Mhifadhi wao ni mwanamke wa makamo, koti jeupe, miwani kwenye kamba. Nimempa jina la Daktari kwa sababu msahafu huuzungumzia kama mgonjwa. Doa la chai anaita jeraha. Tundu la mdudu analipima kwa rula, anaandika. Si Mwislamu. Anasoma herufi zetu vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi, na hilo, nikisema kweli, ndilo lililoniudhi zaidi.

Nilikuwa nimetia udhu, nimejiandaa kumzuia. Aliingiza ufunguo wake, akauzungusha, akarudi nyuma hatua mbili.

"Fungua wewe," alisema. "Na ufunue wewe. Mimi nitashika taa tu."

Nilifungua. Nilifunua. Akaniuliza ukurasa unaanzia aya gani, nikamsomea, akaandika, tukafunga. Kazi ya dakika kumi. Nikarudi chumbani kutazama ukuta.

Alhamisi, 20 Machi

Dada amepiga simu. Ana uvimbe tumboni, hospitali wanataka kumpiga picha. Alilitaja hilo katikati ya habari za mteja aliyekataa gauni, kama mtu anayepitisha sindano haraka usiione.

"Uvimbe gani?"

"Ningejua ningekuwa daktari. Na usimwambie baba mdogo. Ataita watu wajae uani, mimi sina hata viti."

Jumapili, 23 Machi

Mvua.

Jumatatu, 31 Machi

Tumefunua ukurasa. Picha za dada zimetoka. Watampasua, siku haijapangwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nguo bado zimelowa, lakini nitaandika.

Saa sita mchana ukumbi ulikuwa umejaa. Nilisikia tone. Likaanguka la pili, juu ya kioo cha kabati letu, nikatazama juu nikaona dari imevimba kama tumbo la mtungi, na maji yanachuruzika kwenye waya wa taa. Mlinzi alikwisha kuona. Alikata umeme. Ukumbi usio na dirisha, umeme ukikatwa, ni kaburi. Watoto walianza kulia. Mlinzi akawa anaita kwa sauti yake ya kila siku ya kufunga mlango, taratibu, "Tutoke jamani, kuelekea sauti yangu, tutoke," na watu wakatoka.

Daktari alikuja mbio na taa ya simu. Ufunguo wake uliingia mara moja. Wangu ulikataa. Vidole vilikuwa havijui tundu liko wapi. Nilikwaruza kioo, nikaudondosha, nikapiga magoti majini kuutafuta. Hakunipigia kelele. Alishusha taa mpaka sakafuni, akasema, "Huo hapo, mbele ya goti." Nikafungua.

Niliunyanyua msahafu kifuani. Wakati huo dari ikaachia. Kipande kikubwa cha plasta kilishuka na maji yote yaliyokuwa nyuma yake, na mimi sikupata kitu, kwa sababu alikuwa amenifunika kwa mgongo wake. Nilisikia kishindo kwenye bega lake.

"Umeumia?"

"Shika wewe msahafu," alisema. "Mimi nitakushika wewe."

Akanishika kiwiko, akaniongoza gizani kupita vyombo vyote hadi chumba chake cha kazi. Koti lilikuwa tope tupu. Hakuugusa msahafu hata kwa ukucha. Niliuweka mezani, nikaufunua jani kwa jani mbele ya macho yake, mkavu, wote mkavu, na hapo ndipo alipokaa chini na kulia, kidogo tu, kama mtu anayepiga chafya.

Mama wa usafi alikuja na ndoo na matambara. Aliuona msahafu, akaziweka ndoo chini na kufuta mikono kwenye kanga yake, ingawa hakuwa na haja ya kushika kitu.

Jumanne, 8 Aprili

Dari imetengenezwa, kabati limesogezwa pembeni. Bega la Daktari limefungwa bandeji. Nimemletea chai. "Unaweza kutabasamu," alisema, "haitapasuka."

Ijumaa, 11 Aprili

Siku ya dada imepangwa: Alhamisi ya tarehe ishirini na nne.

Kwenda kwetu ni basi la siku nzima. Siku ya kwenda, siku ya upasuaji, siku moja ya kukaa naye, siku ya kurudi. Nimehesabu kwa vidole kama watoto wa chuo. Siku nne. Baada ya sala nikampigia baba mdogo. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Msahafu haujambo?"

"Haujambo. Jalada limekwisha kutengenezwa."

"Alhamdulillahi. Nawe?"

"Sijambo. Baba, dada hajisikii vizuri sana. Nilikuwa nafikiri, labda, kama ingewezekana, niende mara moja nikamwangalie."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo."

Nilisema tumbo. Mdomo wenyewe ulichagua.

"Litapoa. Na ufunguo?"

"Hilo ndilo nililotaka kuuliza."

"Ukienda nao, maji yakirudi watafungua na nini? Ukiuacha, unamwachia nani? Soma ukurasa wa kwanza, mwanangu. Amana ni amana."

"Ni kweli, baba."

"Miezi miwili si miaka miwili."

"Ni kweli."

Simu haikutimia dakika nne. Nimejiambia ni dada aliyenikataza kusema. Lakini dada alinikataza kwa sababu ya viti, si kwa sababu ya hili.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumefunua ukurasa. Ukuta wa dirishani umeota ukungu. Nimeanza kuyajua madoa yake.

Alhamisi, 17 Aprili

Wageni wanne tu. Mvua. Mmoja wao, mzee, alinijia akauliza, "Wewe nawe ni sehemu ya maonyesho?" Alitania, nikacheka. Baadaye sikucheka.

Jumamosi, 19 Aprili

Dada amelazwa mapema. Jirani yake, mwenye duka la vifungo na nyuzi, ndiye anayekwenda kumtazama asubuhi na jioni.

"Tumelazwa wote wawili," dada alisema kwa simu, "ila mimi naletewa chai kitandani."

"Nitakuja."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Niliushika ufunguo shingoni.

"Basi usije," alisema. "Usianze kuwa mkorofi kwa ajili yangu, umechelewa." Akacheka, akakohoa, tukaongea habari za cherehani.

Jumanne, 22 Aprili

Ili nifike kabla ya upasuaji, ni lazima nipande basi la kesho asubuhi. Leo nilikaa kitini tangu saa tatu kama mtu aliyepigiliwa misumari.

Daktari alijua. Mlinzi alimwambia, mlinzi alijua kwa sababu chumba changu kina ukuta mwembamba na mimi hupigia simu kitandani. Saa nane Daktari akaja akakaa kando yangu.

"Dada yako anapasuliwa keshokutwa."

"Ndiyo."

"Niachie ufunguo. Tuandike barua, nitie sahihi, mlinzi awe shahidi. Utaukuta kama ulivyouacha."

Mtu huyu alipigwa na dari kwa ajili ya msahafu wetu. Nilijua, nilipokuwa namtazama, kwamba katika ukoo mzima hakuna ninayeweza kumwachia ufunguo kwa moyo mweupe zaidi. Nilijua hivyo, na nikasema:

"Si kwamba sikuamini."

"Sasa ni nini?"

"Imeandikwa usitoke mikononi mwa ukoo."

"Msahafu. Ufunguo haukuandikwa."

"Baba mdogo hatakubali."

"Umemwambia ni upasuaji?"

Nikatazama ubao wa chuo.

Alifuata macho yangu hadi kwenye ubao. Kisha akainuka, akashika bega lake bovu. "Mimi sikukuomba unipende wala uniamini," alisema. "Nilikuomba uende."

Jumatano, 23 Aprili

Basi limeondoka saa mbili. Nimelisikia, au nimedhani nimelisikia. Lango lilifunguliwa saa moja.

Alhamisi, 24 Aprili

Saa nne wamemwingiza. Ukumbini kulikuwa na darasa zima la wasichana wa shule. Walimu wao wakaniomba niwasomee ukurasa uliofunuliwa. Nikasoma. Sauti ilitoka, sijui ilitoka kwa nani. Saa tisa na nusu jirani akapiga: ametoka salama. Niliinama chini ya kiti kana kwamba nimeangusha kitu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeongea naye. Sauti nyembamba, lakini yeye.

"Wamenishona vibaya," alisema. "Mshono wa mwanafunzi. Nikipona nitaufumua niushone upya."

"Pumzika, dada."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo."

Leo ukuta haukunisumbua. Nimelala mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu nifike.

Jumamosi, 26 Aprili

Jirani alipiga saa moja asubuhi. Alianza kwa kuniuliza nimeamkaje, nikajua.

Alfajiri alishindwa kupumua. Wauguzi walikimbia. Hakuchukua muda. Jirani alikuwa hajafika na chai.

Lango lilikuwa limefunguliwa punde. Daktari alikuwa ndiyo kwanza anakunja mwavuli wake mlangoni. Nilivua kamba shingoni, nikamwekea ufunguo kiganjani, nikamwambia, "Dada yangu amefariki." Hakuniuliza barua, sikumwambia barua. Mlinzi alikwisha kusimamisha teksi.

Nimeandika haya ndani ya basi. Dakika moja. Sikuhitaji hata dakika moja. Wiki mbili nilishindwa kumpa kwa ajili ya mtu aliye hai, na leo nimempa kabla mwavuli haujakauka.

Jumatatu, 28 Aprili

Walikuwa wamemzika tangu alasiri ya Jumamosi. Basi lilikwama kwenye matope, nikafika watu wamekwisha kutawanyika. Nimeonyeshwa mahali. Udongo ulikuwa umelowa, na mtu fulani alikuwa ameweka tofali moja kichwani ili pasipotee.

Leo ni Jumatatu ya kufunua ukurasa. Nimekumbuka alasiri, nikasahau tena.

Jumanne, 29 Aprili

Baba mdogo alikuja akakaa nami uani kwa dada. Magoti yanamsumbua, alikalia kiti cha cherehani. Tuliletewa chai na mkate.

"Tusingeweza kukungoja, mwanangu."

"Najua, baba."

"Ufunguo uko wapi?"

"Nimemwachia mhifadhi wa makumbusho. Si wa ukoo. Si Mwislamu."

Nilikuwa tayari. Nilikaa wima kama mtoto anayengoja fimbo. Aliitikia kwa kichwa, akachovya mkate kwenye chai.

"Vizuri," alisema.

Akala. Niliutazama mdomo wake ukitafuna, nikangoja neno jingine, halikuja.

"Vizuri?" nikauliza.

"Sasa ungefanyaje? Una msiba."

"Nilikuomba ruhusa, baba. Tarehe kumi na moja."

Aliweka kikombe chini. "Uliniomba ruhusa ya kwenda kumwangalia mtu anayeumwa tumbo. Hukuniambia kisu. Ungesema kisu, ningekupigia kelele, halafu ningekwambia nenda. Mimi huyu dada yako nilimbeba mgongoni." Akajifuta macho kwa kiganja kizima. "Ningepiga kelele, ndiyo. Huwezi kuvumilia kelele ya mzee wako mmoja?"

Nilimmiminia chai nyingine. Jibu lilikuwa ni hapana. Miaka arobaini na mbili, sijawahi kuweza.

Jumamosi, 3 Mei

Nimerudi kumalizia wiki mbili zilizobaki. Mlinzi alinipa pole kwa mikono yote miwili. Chumba ni kilekile, lakini sasa najua kwamba lango hili hufunguliwa kila siku asubuhi, na lilikuwa likifunguliwa siku zote hizo.

Daktari alinirudishia ufunguo na karatasi ya taarifa. Nainakili hapa:

"Jumatatu, 28 Aprili. Kabati limefunguliwa saa nne. Aliyefunua: mama wa usafi. Udhu: ndiyo. Mhifadhi alishika taa. Hali ya msahafu: nzuri. Mabadiliko: hakuna."

"Nisingeweza kukuuliza," alisema. "Nikamuuliza yeye. Alikwenda nyumbani kubadili nguo kwanza, akarudi amevaa kama wa kwenda harusini."

Nilimtafuta mama wa usafi, nilimkuta akikamua tambara. Nikamshukuru. Aliona haya, akasema mikono ilikuwa ikimtetemeka. Nikamwambia wangu ulitetemeka zaidi.

Jumatatu, 12 Mei

Tumefunua ukurasa wa mwisho, mama wa usafi na mimi, jani moja yeye, jani moja mimi. Jua limetoka mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 19 Mei

Maonyesho yamefungwa jana. Leo tumefunga vitu. Bakuli limelala kwenye pamba, shati limekunjwa kwa karatasi kama linakwenda safari, na ubao umerudi ghalani na somo lake nusu. Msahafu uko kwenye sanduku lake. Daktari alinisaidia kukaza mkanda, akanipa mkono. Nilimwambia, bila kujipanga, kwamba nilikosea siku ile, kwamba nilimwamini na bado nikamnyima. Alisema alijua. Ndicho kilichomkasirisha.

Baba mdogo alipiga saa saba. Alitaka kujua basi litafika lini, na kama kufuli ya kabati la nyumbani aibadilishe.

"Ibadilishwe," nilisema, "na funguo ziwe tatu. Mmoja utakaa kwa binti yako mkubwa, mmoja kwa imamu, mmoja kwangu. Sitautunza tena peke yangu."

"Haijawahi kuwa hivyo."

"Najua, baba."

"Wazee watakataa."

"Wakatae. Mimi peke yangu sitaushika."

Alipiga kelele. Alipiga kelele ndefu, za ukoo, za babu wa babu, za kizazi hiki. Niliishika simu karibu na sikio nikamsikiliza mpaka akachoka. Kisha akavuta pumzi na kusema tutazungumza nikifika, akauliza kama nina mwavuli.

Kesho napanda basi la saa mbili. Nitashukia kwa dada. Mlango wake umefungwa, lakini ufunguo anao jirani. Dada alimwachia asubuhi aliyokwenda hospitali, juu ya kaunta, katikati ya vifungo, akasema tu, "Shika, nisije nikaupoteza," akaenda zake.